Katoni ya Kumi na Moja

Ya kwanza ilianguka kabla sijamwita mtu aione.
Ya pili ilisimama vizuri,
lakini ukiinamisha chupa umimine
katoni nzima ilipiga magoti pamoja nayo,
kama mkwe anayesalimia kupita kiasi.

Nyakato, nyuma ya kiwanda cha uchapaji:
meza moja, wembe, rula ya chuma,
ndoo ya gundi niliyoifunika kwa khanga kuukuu
maana ulikuwa msimu wa sami,
wale wadudu wa ziwani wanaoingia kama moshi
na kufia kwenye kazi ya mtu.
Katoni ya tatu ina wadudu arobaini.
Niliwahesabu. Nilikuwa nasubiri ikauke.

Barua ilitoka kisiwani Kome,
imeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki:

*Chupa zenu za lita zinatutesa.
Mkono mmoja namshika mtoto kidevu,
wa pili nashika kijiko.
Nyie wataalamu mniambie,
chupa niishike na nini?
Nyangeta Magafu, muuguzi.*

Na chini yake, kwa kalamu nyingine:
*Meno nimeshajaribu.*

Mkono mmoja haulei mwana, tunasema,
tunatikisa vichwa, tunaendelea na chai.
Hakuna aliyewahi kuhesabu
mikono inayotakiwa kumnywesha dawa.

Basi nikakaa na chupa.
Nilijifunza kwamba iliyojaa ni mzigo mmoja,
iliyofika nusu ni mzigo mwingine,
na ile robo ya mwisho haitulii,
inatembea humo ndani
kama mpangaji anayetafuta kodi usiku.
Ya nne, ya tano, ya sita.
Masalu wa mashine ya kukata akasema tutie waya.
Bosi akasema tutie akili, waya una bei.
Ya saba sitaki kuizungumzia.

Ya nane ilikaa imara siku mbili.
Usiku wa tatu mvua ikavuka ziwa,
asubuhi nikaikuta imelegea kiunoni,
chupa imelala ubavu, sharubati ya kikohozi
imetiririka hadi kwenye daftari langu la vipimo.
Nililamba kidole. Tamu. Nikatukana.

Kisha nikaikwangua kwa kucha, nikaona.
Kadibodi ina nyuzi,
kama mnofu wa sangara: upande mmoja unakubali,
upande mwingine unakataa.
Mimi nilizilaza nyuzi
ili karatasi moja itoe katoni nane badala ya sita.
Nilibana matumizi kwenye uti wa mgongo.

Nikazisimamisha. Sita kwa karatasi.
Bosi alinuna mpaka Ijumaa.

Ya kumi na moja haina gundi.
Ina ulimi mmoja unaokunjwa ndani
ukakamata mabega ya chupa,
na tundu la shingo, pana kidogo kuliko shingo,
ili iwe na nafasi ya kuinama.
Ukiigusa kwa kiwiko, inamimina.
Ukiondoa kiwiko, inarudi yenyewe.
Sasa chupa peke yake ndiyo inayopiga magoti;
katoni imebaki wima kuitikia salamu.

Niliijaribu kwa Limi, bintiye Masalu,
miaka miwili, meno sita, hasira za kutosha.
Maji ya rangi ya chai badala ya dawa.
Kidevu, kijiko, kiwiko.
Masalu alisimama mlangoni ameshika kofia,
hakusema neno kuhusu waya.

Tukafunga mia moja na ishirini kwa kamba ya katani,
zikapanda kivuko zikiwa bapa kama magazeti,
kila moja na mchoro wa namna ya kuikunja
kwa yule atakayeifungua bila subira.

Mwezi ukapita. Sami wakaisha, wakarudi.
Ndipo ikaja kadi nyingine ya kliniki,
mwandiko uleule, haraka ileile:

*Zimefika. Chupa imetulia.
Mtoto bado anatema.*